Kupe wa Mama Robi

Programu ile ilitolewa Jumatatu, ikarudi. Jumanne fundi Machage akaitoa tena, akazima kompyuta, akaenda kunywa chai na chapati mbili kwa jirani, akarudi akawasha: iko palepale, chini upande wa kulia wa kioo, alama yake ndogo ya kijani inang'aa utadhani haijawahi kuguswa. Machage akacheka kicheko cha hasira. Alikuwa fundi anayeaminika kuanzia Bunda mjini mpaka huku Musoma, mtu mnene, mpole, mwenye begi la mgongoni lililojaa flashi na bisibisi, na hakuzoea kuchezewa shere na kitu ambacho hata kukishika huwezi.

"Mama Robi, huyu ni kupe," akasema. "Si unamjua kupe wa sikioni? Unavuta mwili, kichwa kinabaki. Kesho ukimwangalia amenona kuliko jana."

Nyamburi, ambaye mtaa mzima wa Mwisenge ulimwita Mama Robi, alikuwa amekaa kwenye stuli nyuma ya mashine ya fotokopi, akipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Pole, fundi," akasema. Lakini moyoni, tusidanganyane, alikuwa amefurahi. Alipoiona alama ile ya kijani imerudi, mwili wote ulimlegea kama mtu aliyeletewa habari kwamba mgonjwa wake amekunywa uji. Akainamisha uso fundi asimwone.

Shida ni kwamba kupe huyo alitakiwa awe ametoka ifikapo Ijumaa. Duka la Nyamburi lilikuwa dogo, chumba kimoja cha steshenari chenye kompyuta moja, printa moja na fotokopi moja. Barua za watu na vyeti vya kuzaliwa vilimpatia mboga. Kilicholiweka duka mjini ni mitihani. Shule kadhaa zilimletea mitihani yao ya majaribio aichape, airudufu, aifunge kwenye bahasha. Sasa kamati ya shule hizo ilikuwa imepitisha sharti jipya: kompyuta ya mitihani isiwe na mlango wowote wa kumwezesha mtu wa nje kuchungulia. Mkaguzi wao akaja, akapekua, akaiona alama ya kijani. Akauliza ni ya nani.

"Ni ya mwanangu," Nyamburi akajibu.

"Hata ingekuwa ya askofu, itoke," mkaguzi akasema. "Narudi Ijumaa mchana. Nikiikuta, mitihani inahamia kwa mwingine."

Fredi ndiye aliyeiweka programu ile, miaka mitano iliyopita, wiki moja kabla hajaondoka. Alimwambia mama yake kwamba popote atakapokuwa ataweza kuingia ndani ya kompyuta na kuitengeneza, asihangaike na mafundi. Akaifunga kwa neno la siri ili mteja mwenye vidole vyepesi asije akaifuta. Kisha akaenda Dar es Salaam, na kutoka Dar akavuka kwenda Uarabuni kwenye kazi za kompyuta, na mpaka leo hajakanyaga tena Mara.

Lakini kuingia, alikuwa anaingia. Nyamburi anachapa barua ya mtu, mara mshale kwenye kioo unaanza kutembea wenyewe. Unafungua hiki, unafunga kile, unafuta takataka zilizoletwa na flashi za wateja, unarekebisha saa iliyochelewa, kisha unasimama na kuondoka. Dakika tano, kumi. Nyamburi huondoa mikono mezani na kuipakata. Mteja akiuliza kulikoni, humjibu, "Subiri kidogo, inajisafisha." Na macho yake hayatoki kwenye mshale ule mpaka utulie.

Alimtambua kwa mwendo. Kabla ya kubonyeza kitu, mshale ulizunguka mara mbili, hivi, taratibu. Fredi alipokuwa mdogo alizungusha kijiko hivyohivyo kwenye bakuli la uji kabla ya kuonja, na Nyamburi alikuwa akimgombeza kwamba uji utapoa. Leo angetoa chochote amwone anazungusha kijiko hicho mpaka uji ugande.

Siku moja tu alishindwa kujizuia. Mshale ulikuwa katikati ya kazi yake, naye akavuta kibodi akaandika haraka: Fredi ni wewe? Mshale ukasimama papo hapo. Ukaondoka, na haukurudi kwa miezi miwili. Tangu hapo hakugusa tena. Alikubali kumpata mwanawe namna hiyo, bila sauti, bila sura, kuliko kumkosa kabisa. Na miaka mitatu sasa, hicho ndicho alichokuwa nacho.

Jumatano asubuhi Machage alikuja na ujanja mpya. Akaamsha kompyuta kwa njia ya mafundi, ile inayofungua mashine nusu nusu, akachimba mafaili moja baada ya jingine, jasho likimtoka kwenye kipara. Kufika saa sita akavua miwani.

"Njia ni mbili tu, mama. Ama tupate paswedi, ama nifomati mashine yote. Nifute kila kitu, tuanze upya kama imetoka dukani. Ukiifomati inakufa moja kwa moja, hairudigi."

"Paswedi sina."

"Si umesema ni ya mwanao? Mpigie."

Nyamburi akasema hana namba yake. Machage akamtazama, akataka kuuliza, akaona bora asiulize. Akarudi kwenye kioo.

"Basi nikueleze kitu kimoja ujue," akasema akiendelea kubonyeza. "Hii programu ni ya mtu mjanja. Kila tukijaribu kuitoa bila paswedi, inamtumia mwenyewe taarifa. Kwenye simu yake. Inamwambia kuna mtu anakufukuza."

"Inamwambiaga kila mara?"

"Kila mara."

"Tangu Jumatatu?"

Machage akahesabu kichwani. "Tumejaribu kama mara kumi hivi. Anajua, mama. Yule anajua kabisa."

Nyamburi akaketi. Huko aliko mwanawe, kwenye chumba asichokijua, simu ilikuwa imelia mara kumi ikimwambia kwamba mama yake anamtoa. Na hakuwa na mtu wa kumtuma akamwambie siyo hivyo. Robi, binti yake aliyeolewa Tarime, alikuwa ameshamwambia zaidi ya mara moja: "Mama, mimi ananipigiaga Krismasi tu, kila mwaka namba mpya. Nikiipiga kesho yake haipatikani."

"Fundi," akasema, "usifomati. Nipe mpaka kesho saa kumi. Nataka nimwandikie."

"Umwandikie wapi?"

"Hapohapo. Nitaandika, nitaiacha wazi. Akiingia ataiona."

Machage akakuna kichwa. Kisha akafunga begi lake, akasema kesho saa tisa atakuwa hapa na flashi ya kufomatia, kwa lolote litakalokuwa.

Sasa huwezi kuelewa alichotakiwa kuandika bila kujua habari ya ng'ombe.

Robi alipoolewa walikuja ng'ombe kumi na wanne. Upande wao jambo hili halina mjadala: ng'ombe walioletwa na dada ndio wanaomletea kaka yake mke. Robi na Fredi walikuwa wawili tu, kwa hiyo ng'ombe wale waliingia kwenye zizi la Leonardi, mume wa Nyamburi, kule Butiama, na kila aliyewaona alisema ng'ombe wa Fredi hao. Na Fredi alikuwa na mtu wake tayari. Alikuwa anaitwa Bhoke, wa Mwitongo, msichana mrefu mwenye kicheko cha kusikika mbali. Baba yake Bhoke alikubali kusubiri Fredi amalize chuo.

Nyamburi wakati huo alikuwa amechapa barua za watu kwenye duka la mtu mwingine kwa miaka kumi na moja. Aliota duka lake mpaka akaota rangi ya mlango. Akamwendea Leonardi: Fredi bado ana miaka miwili chuoni, ng'ombe wamekaa tu wanakula majani, mashine zitawarudisha wote na ndama juu. Leonardi akakataa. Akamwendea tena. Kwa mwezi mzima hakumpa mumewe nafasi ya kumeza tonge kwa amani. Mwisho Leonardi akatupa mikono, wakaenda mnadani, na ng'ombe kumi na wanne wakageuka kompyuta, printa na fotokopi.

Hawakurudi. Pango, wino, vipuri, mwaka ukaisha, ukaisha wa pili. Baba yake Bhoke alisubiri mavuno mawili, kisha akapokea ng'ombe wa mtu wa Buhemba aliyepata dhahabu. Fredi akarudi kutoka chuo na cheti chake mkononi, akasimama mbele ya zizi, akauliza, "Nani aliwauza?"

Walikuwa wamesimama wote watatu. Leonardi akajibu kabla mkewe hajafungua mdomo. "Mimi. Zizi ni langu."

Nyamburi alijua kwa nini alisema hivyo. Mwanamume wa Butiama anayekiri kwamba mkewe ndiye aliyemtoa zizini na kamba mkononi, huyo atachekwa mpaka kaburini. Leonardi aliona ni nafuu achukiwe na mwanawe kuliko achekwe na wenzake. Na Nyamburi akanyamaza. Alijiambia atasema kesho, hasira zikipoa. Kesho hiyo ilikuwa na miaka mitano sasa.

Kilichomla zaidi ni wema wa Fredi. "Wewe huna kosa, mama," alimwambia, akaja hapa Mwisenge akamsafishia mashine, akamwekea programu yake. Alipoondoka, akawa anampigia kila Jumapili baada ya misa. Mpaka Jumapili moja Nyamburi akajifanya mpatanishi: akaichukua simu ikiwa hewani akamshikisha Leonardi. Mzee akasema, "Fredi, habari za huko?" Simu ikakatwa. Kesho yake namba haikupatikana, na hiyo ndiyo miaka mitatu ninayokuambia. Alijua fika kwamba kila mshale ule ulipotembea, mwanawe alikuwa akimtunza mtu ambaye hayupo, mama asiye na kosa. Angejua, pengine asingerudi tena hata kusafisha.

Alhamisi akafungua duka saa moja. Akafungua ukurasa mweupe, akakuza herufi mpaka zikaonekana kutoka mlangoni, akaanza. Mtu huyu aliyekuwa akichapa bila kutazama vidole alichapa barua ile kwa saa tatu nzima. Aliandika kuhusu miaka kumi na moja kwenye meza ya mtu mwingine. Aliandika kuhusu pango, kuhusu wino kupanda bei, kuhusu baba yake Bhoke ambaye angeweza kuvumilia kidogo. Aliandika kwamba walikubaliana yeye na mzee, kwamba ilikuwa kwa faida ya wote, kwamba hata Fredi mwenyewe angefaidika. Ikawa ukurasa mmoja na nusu. Wateja waliokuja aliwaambia warudi mchana. Fundi cherehani wa mlango wa pili, jina lake Kwangu, alichungulia, akaona uso wake, akarudi kwenye cherehani yake.

Saa tano umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi, na barua ikaenda nacho.

Hakuwa ameisevu. Mwanamke aliyewafokea wateja wake kwa miaka mingi, "Sevu kwanza, sevu kwanza, umeme wa Musoma hauna adabu," hakuisevu barua yake mwenyewe. Alikaa palepale na mikono imelala kwenye kibodi. Kwanza akataka kulia. Halafu, joto lilivyokuwa linazidi chumbani na feni imesimama, akaanza kuikumbuka barua ile sentensi kwa sentensi, na kadiri alivyoikumbuka ndivyo alivyoichukia. Alikuwa ameandika ukurasa mmoja na nusu, na hakuwa ameandika mahali popote kwamba ni yeye.

Umeme ulirudi saa nane na nusu. Safari hii hakukaa hata dakika tano.

Fredi,
Ng'ombe wa Robi walikuwa wako. Niliwauza mimi. Baba yako alikataa mwezi mzima, mimi ndiye niliyemlazimisha. Siku ile zizini alinifichia aibu nami nikanyamaza.
Sikufukuzi. Watu wa mitihani wanataka programu yako itoke kabla ya kesho mchana, na inaomba neno la siri.
Mama yako.

Akaisevu. Akaisevu tena.

Machage alipofika saa tisa alisimama mlangoni akaisoma yote, maana herufi zilikuwa kubwa kama za bango. Akavua kofia. Alikuwa mtu wa huku, alielewa kila kitu kilichokuwa mle ndani.

"Sasa atajuaje kuna barua?" Nyamburi akauliza.

"Tutamgongea," Machage akasema. Akakaa, akafungua mahali pa kutolea programu, akaingiza neno la siri la uongo. Likakataliwa. "Hiyo moja." Akaingiza jingine. "Mbili." Mpaka tano. Kisha akairudisha barua mbele, akasogeza kiti nyuma, nao wakakaa wawili wanaitazama kompyuta kama watu waliobisha hodi kwenye nyumba ya watu wakubwa.

Saa tisa na nusu hakuna kitu. Saa kumi kasorobo Machage akatoa flashi ya kufomatia akaiweka mezani, lakini akaifunika na kiganja, kwa adabu. Nyamburi alikuwa anajiambia kwamba huko ni kazini, simu hairuhusiwi. Alikuwa anajiambia kwamba huko labda bando limeisha. Mtu anayesubiri ana akili nyingi.

Mshale ukatembea.

Ulianzia kona ya juu, ukashuka mpaka kwenye barua, ukapita chini ya mstari wa kwanza polepole, jinsi mtu anavyosoma na kidole. Ukaenda wa pili. Pale penye maneno "Niliwauza mimi" ukasimama. Nyamburi alikuwa ameipakata mikono yake, kucha zimezama kwenye kanga. Ukasimama muda mrefu sana. Ukarudi mwanzo wa mstari, ukapita tena.

"Anasoma," Machage akanong'ona.

Ulipomaliza ukazunguka mara mbili. Halafu ukaiacha barua, ukafungua orodha ya programu, ukajitafuta wenyewe humo ndani, ukajichagua. Kisanduku kikatokea kikiomba neno la siri. Vidoti vikaanza kujaa, kimoja, kimoja, mpaka nane. Kikakubali. Kompyuta ikauliza swali lake la mwisho: una uhakika unataka kuiondoa programu hii? Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana.

Mshale ukasogea kuelekea Ndiyo. Nyamburi akafumba macho. Alipoyafumbua, ulikuwa umejiondoa pale, umekuja kusimama katikati ya kioo, mahali pasipo na kitu.

"Mbona habonyezi?"

Machage akainamia kioo. "Amekuachia wewe, mama. Bonyeza Ndiyo, tumemaliza kazi." Alipoona Nyamburi hajongei, akaongeza kwa sauti ya chini, "Au mwombe namba ya simu kwanza. Andika hapo chini, akikupa ndipo ubonyeze. Siyo dhambi hiyo."

"Nimwambie nipe namba nami nikutoe?" Nyamburi akasema. "Nitakuwa nafanya naye biashara tena."

Akashika mausi. Kitu hiki alikuwa ameshawahi kuulizwa, ila siku ile hakikuandikwa mahali: upande huu duka, upande huu Fredi. Na siku ile hakusita hata kidogo, alikwenda mnadani anaimba. Alimtamani mwanawe sasa hivi, alitamani harufu ya shati lake, alitamani hata ugomvi wake. Akausukuma mshale, nao haukumpinga. Akabonyeza Hapana.

"Mama Robi!" Machage akainuka. "Mkaguzi kesho!"

"Aje."

"Mitihani itaondoka!"

"Iende."

Kisanduku kikafungwa. Alama ya kijani ikabaki inawaka. Mshale haukusogea, na Nyamburi akaanza kuogopa kwamba ameshaondoka, kwamba amefanya jeuri yake mbele ya kioo kitupu. Ndipo chini kabisa ya barua, chini ya maneno Mama yako, herufi zikaanza kutokea zenyewe.

Kwa nini mama

Miaka mitatu. Alilisoma neno lile la mwisho mara nyingi kuliko lilivyohitaji. Kisha akavuta kibodi, na mchapaji huyu aliyechapa karibu miaka ishirini akatafuta kila herufi kwa kidole kimoja.

Safari ile nilichagua duka.

Nje bodaboda alipita na muziki wake, cherehani ya Kwangu ikaenda, ikakoma. Machage alikuwa amekaa tena, kofia magotini. Alikuwa anafikiria jinsi ya kuaga wakati herufi zilipoanza tena, haraka safari hii, kama za mtu mwenye simu mkono wa pili.

Nipe namba ya mzee

Nyamburi akaitazama sentensi ile. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na kwa kimya, na kwenye pembe moja ya moyo alikuwa amejiandaa kwa furaha. Hili hakujiandaa nalo. Hakuulizwa hajambo. Hakuombwa namba yake yeye. Akauvumilia uchungu huo, kwa sababu kilichoombwa kilikuwa ni haki, na aliyekuwa amekizuia miaka mitano ni yeye. Akaandika namba ya Leonardi, tarakimu kumi, akazihakiki na simu yake moja moja asije akakosea. Mshale ukazunguka mara mbili, ukaondoka.

"Kazi yangu imeisha?" Machage akauliza.

"Imeisha, fundi. Ahsante."

"Sijatoa kitu."

"Najua."

Alipobaki peke yake, Nyamburi akakumbuka jambo lililomfanya aruke kwenye stuli. Leonardi hapokei namba asizozijua. Husema ni matapeli. Saa hizi atakuwa anarudisha ng'ombe wake wachache, simu iko kwenye koti, namba ndefu ya nje itaingia, ataitazama na kuirudisha mfukoni, na Fredi atapiga mara moja, mara mbili, na hatapiga tena. Akachukua simu yake, akampigia mumewe amwambie apokee, yeyote atakayekuwa, apokee.

Sauti ya yule dada wa mtandao ikamwambia kwamba namba anayopiga inatumika, tafadhali ajaribu tena baadaye.

Akakata. Akasimama katikati ya duka na simu sikioni bado. Akahesabu mpaka mia moja, akapiga tena. Inatumika. Akaenda akafunga nusu ya mlango, akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye fotokopi yenye joto, akapiga. Inatumika. Dakika kumi zikapita, ishirini. Alikuwa anapiga, anamsikiliza dada yule mpaka mwisho wa maneno yake, anakata, anapiga tena, machozi yanamtiririka na wala hayafuti, na kila alipoambiwa ajaribu tena baadaye, alijibu kwa sauti, peke yake mle ndani, "Sawa. Sawa, mwanangu. Ongeeni tu."